Mkeka Nyuma ya Jukwaa

Kwa nini mtu ahamishe mkeka kufuata kivuli, na hali kivuli kimejaa kila mahali?

Swali hilo nilimuuliza nyanya nilipokuwa bado na mapengo ya meno ya utoto, tena mbele za wageni, na jibu nililopata ni kaimati ya moto iliyotiwa mdomoni mwangu ninyamaze. Nikanyamaza, maana kaimati za nyanya zilistahili kunyamaziwa. Tangu siku hizo nimeuliza mengi. Huko chuo kikuu ilifika mahali wahadhiri wakiniona nainua mkono hutazama saa. Lakini swali la mkeka sikulipeleka popote. Ningelipeleka wapi?

Lilirudi lenyewe, siku niliposimama tena Jukwaani.

Jukwaani ndilo jina pekee ninalolijua la mahali pale. Ni kiwanja kisicho na paa, hapa Shika Adabu, Likoni: jukwaa la saruji, nyuma yake ukuta mrefu, na mbele yake ngazi za kukalia zilizopangwa nusu duara. Nani aliyekijenga? Wengine hukwambia ni wafanyakazi wa bandarini waliojichangia, wengine ni tajiri mmoja aliyetaka kumwoza binti yake kwa fahari, wengine hata hawajui kwamba kilijengwa, wao wamekikuta tu. Kwa nini kilifungwa? Hapo ndipo utakapochoka. Jini. Siasa. Mvua. Wanawake. Nilipokuwa mdogo niliyaamini yote, kila moja kwa siku yake.

Ngoja nikwambie kilivyokuwa kabla ya kufungwa, kwa kadiri ninavyokumbuka, na kukumbuka kwangu sikuamini sana.

Siku ya Idd, baada ya sala ya alasiri, mtaa mzima ulimiminika kule. Jumapili palikuwa pa kwaya za watu wa bara na maigizo ya shule, lakini Idd palikuwa petu. Mlangoni walikaa wauza mihogo ya kukaanga, wakiipasua na kuipaka pilipili na ndimu, na moshi wa mafuta ulikuingia nyweleni ukakaa mpaka kesho yake. Sisi watoto tulikuwa na nguo mpya zilizotukwaruza shingoni, midomo myekundu kwa mabuyu, na mikononi vikaratasi vya achari. Ngazi za saruji zilikuwa bado moto kwa jua la mchana, kwa hiyo ulikalia leso ya mama au uliinuka inuka kama kuku.

Halafu pembe zilianza. Wanawake walishika pembe kavu za nyati na kuzigonga kwa vijiti, ndiyo ngoma ya vugo, na mlio wake si kama wa ngoma ya kuwambwa. Ni mlio mkavu, unaoingia kwenye meno. Makundi yalikuwa mawili. Wa Juu walikuwa wanawake wa nyumba za upande wa barabara, na kiongozi wao alikuwa mke wa mwenye duka, mwanamke mrefu wa ukoo wa zamani, mwenye sauti nene. Wa Chini walikuwa wa upande wa bondeni, na kiongozi wao alikuwa mshonaji jirani yetu, mjane mfupi, mwepesi, ambaye cherehani yake tuliisikia tangu alfajiri. Kundi moja liliimba ubeti wa kuchokoza, jingine likajibu, na jibu lilitakiwa litoke kabla pembe hazijatulia. Kiongozi aliyekosa jibu alizomewa na mtaa mzima, na kuzomewa huko kuliendelea kisimani, dukani na kwenye foleni ya feri mpaka Idd nyingine ifike.

Nyanya hakuimba. Nyanya hakukaa hata na watazamaji. Pembe zikianza alichukua mkeka wake mdogo na chupa ya chai ya tangawizi, akazunguka nyuma ya ule ukuta wa jukwaa. "Kelele zanipasua kichwa," alisema. Kwa nini basi asibaki nyumbani? Hilo pia niliuliza. Kaimati.

Siku moja nilimnyatia. Nilichungulia kutoka pembeni mwa ukuta nikamwona ameketi upande wa barabara, ameegemeza bega ukutani. Mara akainuka, akavuta mkeka hadi upande wa bondeni, akaketi vile vile. Baada ya kitambo kidogo akarudi upande wa barabara. Akaniona. "Nafuata kivuli," akasema. Nami nilitazama chini. Jua lilikuwa upande wa pili wa ukuta, na huku nyuma palikuwa kivuli kitupu, kutoka pembe hadi pembe.

Kabla ya kila Idd nyumba yetu ilijaa nguo za watu. Nyanya alikuwa fundi wa kufukiza udi. Alizitandaza nguo juu ya susu la ukindu lililofumwa kama tenga, chetezo cha makaa na udi kikawekwa chini yake, na moshi ukapanda polepole ndani ya vitambaa. Kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni nizuie paka. Alijua kila leso ya mtaani ni ya nani, hata ukimfumba macho ukampa anuse. Wanawake wa Juu walileta zao, wa Chini wakaleta zao, na mke wa mwenye duka na mshonaji walikaa kwetu pamoja wakila na kuchekana. Maana hawa wawili, nje ya Jukwaani, walikuwa mashoga wa kufa na kuzikana. Hilo nalo lilinitatiza. Mnatukanana kwa nyimbo leo, kesho mnakopeshana chumvi?

Idd ya mwisho nilikuwa nimekaa ngazi ya chini kabisa. Mshonaji alipanda jukwaani amevaa leso mpya, jozi nzima, rangi ya zambarau yenye maua meupe, na wanawake wote walimpigia vigelegele. Alijizungusha kidogo. Sikuwa nimewahi kumwona akijizungusha. Pembe zikagongwa, na mke wa mwenye duka, akiwa ameegemea ukuta kama ilivyokuwa kawaida yake, akaimba:

Umependeza dadangu, watu wote wakutaja,
Leso hiyo ni ya nani, mwenye leso anangoja.

Wa Juu wakaupokea ubeti wakaurudia, wakicheka. Kisha kicheko kikafa kwenye kundi, mmoja mmoja, kwa sababu walimwona mshonaji. Alikuwa amesimama tu. Halafu akarudi nyuma taratibu mpaka akaugusa ukuta kwa mgongo, akakaa hapo kidogo, akatoka na jibu:

Leso yako ichukue, nimeikunja vizuri,
Nilidhani wanipenda, kumbe wapenda kiburi.

Akazifungua leso zote mbili, akabaki na gauni lake la zamani lililopauka, akazikunja pale pale mbele ya watu, akaziweka kwenye saruji, akashuka. Hakuna aliyempokea kwa kiitikio. Mtaa mzima ukajua kwamba mshonaji, aliyewashonea wote nguo za Idd, yeye mwenyewe alikuwa hana ya kuvaa, ameazima.

Tangu siku hiyo Wa Chini hawakukanyaga Jukwaani, na Wa Juu hawakuweza kujiimbia peke yao. Maigizo yalipungua, kwaya zikajenga makanisa yao, mtu akatia kufuli, na mtu mwingine akaanza kumwaga taka. Mashoga wale wawili hawakusemezana tena. Nyanya aliacha kufukiza udi. Alisema kifua kinambana.

Alipofariki nilikuwa kidato cha pili. Matangani mshonaji alikaa kona moja, mke wa mwenye duka kona nyingine, na wote wawili walilia kuliko sisi wenye mtu wetu. Nilitazama huku, nikatazama kule, sikuelewa ni nani aliyefiwa.

Basi mwaka huu nikiwa nyumbani, nimemaliza chuo, nasubiri kazi isiyokuja, nikapata ujumbe kwamba vijana wanafungua Jukwaani upya. Nilikwenda kwa shingo upande. Tunarudisha kitu gani hasa? Mahali palipomvua mwanamke nguo mbele ya watu? Nilimuuliza hivyo mwenyekiti wao, kijana ambaye wazazi wake walikuja kutoka bara kufanya kazi kiwandani na yeye akazaliwa hapa hapa.

"Madam, wewe unauliza sana," akaniambia, akinipa reki. "Fagia kwanza, swali zitakuja."

"Maswali yatakuja," mzee mmoja akamrekebisha.

"Hata hayo, mzee."

Wakanifanya katibu, nadhani kwa kuniadhibu. Tulitoa chupa, nepi, mizizi iliyopasua ngazi. Wanakwaya walikuja na makarai, vijana wa madrasa wakaleta mchanga kwa mkokoteni, na akina mama wakapika pilau kwenye sufuria zilizotoka nyumba za Juu na za Chini, zikiwa zimewekwa mbali mbali. Fundi aliposugua ukuta wa jukwaa, kuvu likatoka na matundu mawili yakaonekana: moja upande wa barabara, moja upande wa bondeni, kila moja na kipande cha paipu ndani yake, pana kama mdomo wa kikombe.

"Hizi mashimo tuzibe?" mwenyekiti akauliza. "Zinakaa ni za waya."

Mshonaji alikuwa nje ya lango. Hakuwa akiingia, lakini alipita kila siku kutazama. Akasema kwa sauti ndogo, "La bondeni liacheni."

"Kwa nini, mama?"

"Liacheni tu, mwanangu."

Jioni hiyo hiyo mke wa mwenye duka alimtuma mjukuu wake: la upande wa barabara lisiguswe. Nilimtazama fundi, fundi akanitazama. Akaficha mwiko wake kwenye ndoo.

Ilibaki jambo moja. Kila mtu alitaka siku ya kufungua pawe na vugo, na hakuna vugo bila wale wawili. Wanawake wa kila upande walisema wazi: kiongozi wetu asipoingia, hatuingii, na mkitaka kufungua fungueni na popo. Nikatumwa mimi, kwa kuwa mimi ni mjukuu wa nyanya yangu na nyumba zote mbili hunipokea.

Nilianza kwa mshonaji. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Huko chuoni walikufundisha kutokula?" Akaendelea kukanyaga cherehani. Nilipomweleza shida yangu akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Aniombe radhi. Pale pale, mbele ya watu wale wale, waliobaki. Leso ile alinipa chumbani kwake, mlango umefungwa, tukiwa wawili. Hakujua mtu mwingine. Nilizichanganya na nguo zangu za kufukizwa udi kwenu, nikavaa. Nani basi aliyemwambia mtunzi, kama si yeye ndiye mtunzi?"

Nikaenda upande wa pili. Mke wa mwenye duka alinikaribisha kwa mkate wa sinia na chai ya maziwa, akanisikiliza hadi mwisho, mgongo umenyooka.

"Siombi radhi kwa maneno yasiyo yangu," akasema.

"Si uliyaimba wewe, mama?"

"Niliyaimba."

"Ya nani basi?"

"Jukwaani hatuulizani maneno yametoka wapi. Aliyeyaimba ndiye mwenyewe. Ndivyo tulivyolelewa."

"Lakini ukiwa si wewe uliyeyatunga, na wasingiziwa miaka yote hii, kwa nini usiseme?"

"Kula mkate, mwanangu."

Nikaula mkate. Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa kuliko nilivyotoka. Mmoja asema maneno ni ya mwenziwe kwa kuwa aliyaimba. Mwenziwe asema si yake ingawa aliyaimba. Na wote wawili wanalinda matundu ya ukutani. Nilimpa mwenyekiti taarifa yangu, naye akakuna kichwa akasema huko kwao watu wakikosana hutupiana mawe na kesho yake wanaendelea.

Mwishowe wote wawili walikubali kuja siku ya kufungua, kutazama tu. Hawataimba. Wanawake wao wakaja nyuma yao na pembe zao zimefungwa kwenye vitambaa, kama watu waliobeba bunduki kwenda harusini.

Kwaya ilianza. Mimi nilikuwa nimebeba mkeka wa nyanya, ule ule mdogo, uliopasuka ukingo mmoja. Sikuwa na nia ya ibada yoyote. Nilitaka kupima. Nilizunguka nyuma ya ukuta, nikautandika, nikakaa, nikatazama kivuli. Kilikuwa kama nilivyokiona utotoni, kimefunika kila kitu. Nilikuwa bado nimekitazama niliposikia nyayo upande wa barabara, na mara nyayo nyingine upande wa bondeni.

Walitokea kwa pamoja, mmoja kila pembe, wakasimama.

"Na wewe wafuata nini huku?" mshonaji akauliza. Ndiyo mara ya kwanza kumsemeza tangu ile Idd.

"Nimekuja kumsomea fatiha wangu. Wewe je?"

"Wako nani?"

"Aliyekuwa akikaa hapa."

"Hapa alikaa wangu mimi."

Wote wawili wakanigeukia, wakatazama uso wangu, kisha mkeka. Mshonaji akasogea polepole akatia vidole kwenye tundu la bondeni. "Alikuwa akinipa maneno hapa. Kwa kunong'ona. Akaniapisha."

"Mimi hapa," akasema mwenziwe, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye tundu la barabarani. "Na mimi akaniapisha."

Upande wa pili kwaya ilimaliza wimbo, watu wakapiga makofi.

"Yale ya leso?" mshonaji akauliza.

"Nilipewa. Mstari kwa mstari, kama siku zote, masikio hayakuwahi kutangulia mdomo. Nilipofika 'leso hiyo' ndipo nikajua ni yangu, na mdomo ulishafunguka. Wallahi, shoga yangu. Ningemeza ulimi."

Mshonaji akatoa vidole kwenye tundu. "Na lile jibu langu?"

"Jibu lako si ulitunga mwenyewe? Miaka yote nasema, mwanamke yule ana kipaji. Kile kiburi ulichonitupia kimenikaa hapa mpaka leo." Akajigusa kifuani.

"Kipaji gani! Mimi najua kushona."

Halafu mshonaji akakaa. Alikaa chini ghafla, kwenye mkeka, kando yangu, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakatikisika, na sikujua analia au anacheka mpaka nilipoisikia sauti yake ikicheka. "Mwanamke yule! Mwanamke yule!"

"Mungu amrehemu," akasema mke wa mwenye duka, naye akiketi kwa shida, magoti yakilia.

"Tutamrehemu. Lakini kwanza niache nimseme."

Wakamsema. Sitarudia. Nilikaa katikati yao nikiwa sijui nimtetee au niwasaidie. Alijuaje kwamba leso ni ya kuazima? Hilo halikunipa taabu, kwa sababu ilipita juu ya chetezo chetu kabla ya kuvaliwa, na pua ya nyanya haikuwahi kukosea. Lakini kwa nini aliutoa ubeti ule? Chuki? Hakuwa na chuki nao. Nadhani ubeti ulimjia mzuri mno, na pembe zilikuwa zinangoja. Nadhani. Ningekuwa na uhakika ningekwambia.

"Leso zenyewe ziliishia wapi?" mke wa mwenye duka akauliza. "Niliporudi kuziokota sikuzikuta."

Zambarau, maua meupe. "Ziko kwetu," nikasema. "Sandukuni. Nyanya hakuvaa na hakumwachia mtu kuvaa. Alisema zina mwenyewe."

"Mpe huyu."

"Sizitaki. Mpe mwenyewe."

"Mimi nilishampa."

Wakaanza kubishana, na ubishi wao ulikuwa na ladha ya zamani, ile ya nyumbani kwetu kabla ya Idd. Mbele pembe zikalia. Mtu alikuwa amekosa subira, pengine msichana wa nyuma kabisa, akagonga, na wengine wakafuata, Wa Juu na Wa Chini kwa mlio mmoja. Wale wawili wakatazamana. Wakainuka, wakashikana mikono kwa ajili ya magoti, wakatokea upande wa bondeni wote wawili.

Mimi nikabaki kwenye mkeka. Vigelegele vilipasua anga. Kisha kupitia tundu la barabarani nikaona mwanga umezibwa: shavu la mtu limeegemea ukuta, kwa mazoea. Baada ya punde tundu la bondeni nalo likazibwa. Wanangoja. Mimi niliyesoma vitabu vyote vile sikuwa na neno hata moja la kumpa yeyote kati yao.

Ndipo nilipojua kile ambacho mtaa wetu haukukijua miaka yote Jukwaani ilipokuwa imefungwa: nyanya hakuwa akifuata kivuli. Alichokoza kwenye tundu la barabarani, akavuta mkeka, akajijibu kwenye tundu la bondeni. Ugomvi ule ulikuwa wa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyenilea.